Nilichoma risiti zangu zote kanisani, kisha mtu wa mahakama akaja kudai deni la cherehani

Wakuu, nawasalimu kutoka Likasi, kusini kabisa mwa Kongo, kule ambako Kiswahili chetu huwachekesha wenzetu wa Dar na Mombasa.

Kwetu nyumbani hatuapi. Kwa hiyo nawaahidi tu kwamba yote nitakayoandika yalinitokea, na yale ya aibu sijayapunguza. Nilijaribu kuyapunguza, nikaona hadithi haieleweki tena.

Nitaandika Kiswahili cha vitabu kadiri ninavyokiweza. Ila watu wakisema, nitawaacha waseme vile walivyosema. Mjue tu kwamba kwetu "minye" ni mimi, "weye" ni wewe, "njo" ni ndiye au ndiyo, "bantu" ni watu, na "juu" mara nyingi ni kwa sababu.

Haya.

Naitwa Ketsia, miaka ishirini na minne. Naishi na mama yangu katika mtaa wa Panda, katika moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Nashona nguo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kufumua nguo za mama ili nione zilivyoungwa. Kuna wiki mama alienda sokoni amejifunga vikwembe viwili, kimoja juu kimoja chini, kwa sababu blauzi zake zote zilikuwa vipande mezani kwangu.

Jambo moja mlijue mapema, maana ndilo lililoniponza.

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Mshono ukienda kombo kidogo tu, nafumua wote. Meseji ya kumtakia mtu asubuhi njema inaweza kunichukua robo saa. Na nikiona sitaweza kufanya jambo vizuri, silifanyi kabisa, halafu nakosa usingizi kwa sababu sijalifanya.

Mtu wa namna hii akichukua deni anajitafutia ugonjwa.

Mimi nikachukua.

Mjini kuna duka la mzee mmoja, nitamwita Papa Sylvain. Anauza friji, majiko, televisheni na vyerehani. Kwake unaweza kuchukua kitu ukalipa polepole. Nilichagua cherehani ya umeme ya dola mia tatu na ishirini. Nikatoa themanini siku hiyo, nikasaini mkataba wa kulipa thelathini kila mwezi kwa miezi minane.

Miezi mitano nililipa bila kukosa. Nilikuwa nafika kabla duka halijafunguliwa. Mara tatu za kwanza Papa Sylvain alinikuta mlangoni, akaniuliza, "Weye mutoto, unalalaka hapa?" Mara mbili zilizofuata yeye alikuwa Lubumbashi kutafuta bidhaa, nikamlipa mdogo wake, Mado. Kila mara nilipewa risiti. Kila risiti niliiweka kwenye farde, yaani lile jalada la karatasi, kwa mpangilio wa tarehe.

Mwezi wa sita transfoma ya mtaa wetu ikaungua.

Kituo cha umeme cha Koni kiko karibu nasi, ila transfoma ikishaungua mtaani, ukaribu huo haukusaidii kushona hata kifungo. Tulikaa gizani zaidi ya miezi miwili. Cherehani ya umeme bila umeme ni meza. Mama aliweka sahani juu yake.

Pesa ikaisha.

Hapo nilitakiwa kwenda kwa Papa Sylvain kusema sentensi moja: "Papa, transfoma iliungua, nipe muda." Ndiyo hiyo tu.

Badala yake nikaanza kuandika meseji. Ya kwanza niliona imekaa kama ya mtu mwongo. Ya pili ilikuwa ndefu. Ya tatu ilikuwa na unyenyekevu mwingi mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Nilizihifadhi zote kwenye simu, nikitafuta ile iliyo kamili. Sikutuma hata moja.

Kisha nikaanza kuzunguka nyuma ya soko ili nisipite mbele ya duka lake. Alipopiga simu niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, halafu nikaigeuza kifudifudi, kana kwamba yeye ananiona kutoka humo.

Siku moja ikaletwa bahasha. Ilikuwa na muhuri. Nikaiingiza kwenye farde bila kuifungua. Nilijiambia nitaifungua siku nitakayokuwa na utulivu.

Wakuu, utulivu haukuja.

Kilichokuja ni ibada.

Kanisani kwetu ulikuwa mwezi wa maombi ya kufunguliwa. Jumapili ile pasta alisema kila mwenye deni aliandike kwenye kipande cha karatasi, tukitie kwenye mbabula, lile jiko la makaa, lililowekwa mbele ya madhabahu, na tuombe Mungu atufungulie njia za kulipa. Pasta wetu ni mtu mwema, naomba msimtukane kwenye comments. Alisema wazi kabisa: "Andikeni ku kakaratasi." Hakusema kingine.

Mimi ndiye niliyeboresha.

Nilifikiri hivi: kipande cha karatasi ni nakala tu. Sasa mtu unampelekea Mungu nakala wakati asili unayo nyumbani? Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua farde nzima. Mkataba. Risiti tano. Na ile bahasha ambayo sijaifungua.

Nilitoa hata pini, kwa sababu chuma hakiungui.

Mama alitia kakaratasi kalikoandikwa "unga, Mama Chantal". Wengine vivyo hivyo, vipande vya daftari, kipande cha boksi la sabuni. Halafu nikafika mimi na mkono mzima wa karatasi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Eeeh, huyu ya kwake ni mingi!" Moto ukapanda. Watu wakaimba. Nilicheza mpaka kiatu kimoja kikanitoka, na sikurudi kukichukua.

Furaha ile ilikuwa ya kweli, sitaikana. Na wiki ileile umeme ukarudi. Nikashona kama niliyefunguliwa kamba. Nilianza hata kuweka pembeni dola chache kwa ajili ya Papa Sylvain, nikingoja ziwe kiasi kamili ndipo niende.

Jumanne moja asubuhi akaja mgeni mlangoni. Mwanaume mwembamba, shati jeupe, mkoba mweusi kwapani. Mama akamuona kwanza, akadhani ni mteja wa suruali au shati.

"Karibu, papa. Ni pantalon ao ni chemise?"

"Bonjour, mama. Niko natafuta Ketsia."

"Njo huyu. Ketsia, pima papa!"

Nilishamzungushia tepi kiunoni kabla hajaweka mkoba chini. Nadhani aliinua mikono kwa adabu tu.

"Papa uko mukondefu," mama akasema. "Tutaacha nafasi, juu siku ingine utakula."

Akajibu, mikono bado iko juu, "Mama, minye niko huissier."

Kwa wasiojua, huissier ni yule mtu wa mahakama anayepeleka karatasi za jaji na kukamata mali. Wenzetu wa Tanzania nadhani mnamwita dalali wa mahakama. Tepi yangu ilikuwa bado kiunoni kwake. Sabini na sita, nakumbuka.

Mama alikwenda moja kwa moja, akakaa juu ya cherehani.

"Hii machine haitoke! Mukiibeba, munibebe na minye!"

"Mama, shuka. Itavunjika," nikamwambia.

"Ivunjike!"

"Mama, leo niko naleta karatasi tu. Haiko siku ya kukamata kintu," huissier akasema.

Mama alishuka taratibu, ila akabaki ameweka mkono mmoja juu yake, kama anavyoshika mtoto sokoni.

Karatasi ikasomwa. Papa Sylvain alikuwa amepeleka kwa jaji majina yetu kadhaa kwa mara moja, sisi wote tuliochelewa kulipa. Jaji alitoa amri ya kulipa. Kwangu ilisema nimebakiza miezi mitano, dola mia na hamsini, pamoja na gharama.

Nikasema, "Papa, haina vile. Nilibakiza tatu. Nililipa mara tano."

"Sawa. Leta bareçu."

Yaani risiti.

"Na ile barua ya kwanza ya kukulomba ulipe, uliipata?"

"Niliipata."

"Ulifanya nayo nini?"

"Niliichoma."

"Mu hasira?"

"Hapana, papa. Mu maombi."

Aliweka kalamu chini. Akamtazama mama. Mama akatazama dari.

"Na bareçu?"

"Nayo pia. Siku moja."

Nitampenda mtu huyu maisha yangu yote kwa sababu hakucheka. Aliomba maji, akanywa, kisha akanieleza polepole, na nitawaeleza nilivyoelewa. Mimi si mwanasheria, na kwenu huenda mambo ni tofauti.

Alisema anayekudai hawezi kuja tu nyumbani kwako akabeba kitu. Hata kama alikuuzia yeye, hata kama umechelewa mwaka. Wala hawezi kukutumia polisi wakufunge kwa sababu umeshindwa kulipa deni la biashara. Kutapeli ni jambo jingine, ila kuchelewa kulipa si wizi. Njia yake ni karatasi: anakuandikia kwanza akikutaka ulipe, ukikaa kimya anakwenda kwa jaji, na jaji anaweza kutoa amri kwa kusoma karatasi za anayedai peke yake, bila kukuita wewe.

Hapo nilishtuka. "Bila kuniuliza?"

"Anakuuliza sasa," akasema, akigonga ile karatasi. "Hii njo kukuuliza."

Nilikuwa na siku kumi tangu siku ile ya kupokea. Ndani ya siku hizo naweza kulipa, au naweza kupinga, na nikipinga tunaitwa wote wawili na kila mtu analeta ushahidi wake. Nisipofanya lolote, siku zikipita, amri inapewa nguvu. Hapo ndipo yeye anarudi, na safari hiyo anaandika vitu vya nyumbani kwenye orodha, na vitu vya kwenye orodha vinaweza kuuzwa. Ukiwa na mshahara au akaunti ya benki, navyo vinaweza kushikwa.

"Watu banaogopa karatasi kuliko minye," akasema akiondoka. "Na karatasi njo yenye kuwasaidia."

Alipotoka mama akauliza, "Tumushonee ile pantalon ao tuache?"

Jioni ile akaja kaka yangu, Yaya Trésor, yaani mkubwa wangu, anachimba madini Kamatanda. Mama alishampigia simu akilia. Trésor hakuja na ushauri, alikuja na mkokoteni.

"Tuifunike mu mifuko, niipeleke Kamatanda. Nani atatafuta machine ya kushona mu mabwe ya cuivre?" Yaani mawe ya shaba.

"Yaya, hapana. Nikificha, jaji ataona niko mudanganyifu. Na deni itabakia."

"Sasa chariot nimekodi bure?"

"Rudisha."

"Nililipa mpaka kesho!"

Mkokoteni ule ulilala uani kwetu. Kesho yake mama aliutumia kubeba makaa, na hadi leo anasema ndiyo faida pekee ya siku hiyo.

Siku mbili nilisoma. Kila nilichokipata kwenye simu kuhusu madeni na kukamata mali, kwa Kifaransa kizito, neno kwa neno, nikiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Siku ya pili nikafika mahali pazuri. Sheria inalinda vitu ambavyo mtu anavihitaji kuishi na kufanya kazi. Kitanda. Nguo. Chakula. Na vyombo vya kazi!

Nikatoka mbio. "Mama! Hawawezi! Machine ni chombo ya kazi!"

Mama alipiga vigelegele. Jirani wa kushoto akatoka kuuliza nani anaolewa. Mama akapiga tena.

Nikarudi kwenye simu kumalizia sentensi. Ilikuwa na mkia. Ulinzi huo haumzuii yule aliyekuuzia chombo chenyewe na hajalipwa bei yake.

Nikamsomea mama mkia huo.

Mama akashusha mkono mdomoni. "Niache kupiga?"

"Acha kwanza, mama."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Mtu pekee duniani aliyeweza kuichukua cherehani ile ndiye niliyekuwa namkimbia nyuma ya soko. Na bila cherehani, nguo za wateja zilizokuwa kwenye foleni hazitashonwa, na pesa ya kulipa haitapatikana kabisa. Nikipinga, ushahidi wangu ni majivu. Dola sitini nilizolipa kwa mkono wangu, kwangu zilikuwa kweli, ila mbele ya jaji zilikuwa hewa.

Nikaamua kumwandikia Papa Sylvain barua.

Mnajua kilichofuata. Siku ya nne, rasimu. Siku ya tano, rasimu nyingine. Nilikata, nikaandika juu ya nilipokata. Mahali fulani niliandika, "Ukweli ni kwamba risiti nilizichoma mwenyewe kanisani," nikakata kwa aibu. Mahali pengine niliandika, "Naogopa hata kupita mbele ya duka lako," nikakata pia. Siku ya saba asubuhi karatasi ile ilikuwa na michoro kama ramani ya mgodi, na chai ilishamwagika kwenye kona.

Niliingia kuoga. Nilipotoka, mama alikuwa anatoka barabarani na kikapu kitupu.

"Umetoka wapi?"

"Kupeleka barua yako."

"Barua gani?"

"Ile ya meza."

"Mama! Ile yenye chai?!"

"Ilikuwa nakauka."

Nililala chini, wakuu. Kwenye sementi. Nililala hapo na taulo kichwani mpaka simu ikaita, na jina kwenye kioo lilikuwa lake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikapokea, kwa sababu hakukuwa na aibu iliyobaki ya kuficha.

Sikusikia maneno. Nilisikia mtu mzima anacheka mpaka anakohoa.

"Ketsia. Weye njo ulichoma reçu zangu ku kanisa?"

"Ndiyo, papa."

"Zote?"

"Zote, papa. Nilizipanga kwanza na date."

Akaanza upya. Alipopata pumzi akasema, "Kuya hapa. Kuya sasa hivi."

Nilikwenda kwa njia ya mbele.

Alikuwa nyuma ya meza yake, barua mkononi, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. "Sisi ku Katoliki tunawashaka tu buji," akaniambia, yaani mshumaa. "Reçu tunaachaka ku nyumba."

Kisha akaacha kucheka. Akaniwekea kidole kwenye ile sentensi niliyoikata, ya kuogopa kupita mbele ya duka.

"Hii yenye ulikata, njo nilisoma ya kwanza. Juu ya nini haukukuya kuniambia transfo iliungua? Minye nilizani ulihama na machine yangu."

Sikuwa na jibu lililo kamili. Nikasema lililokuwepo. "Niliogopa, papa."

"Wa kuogopa ni minye! Niko na bantu kumi na kitu wenye kunikimbia. Nikipita mu soko, naona tu migongo!"

Nikamwambia kuhusu malipo mawili aliyoyapokea Mado. Akatoa daftari la risiti. Kila risiti ina nakala yake chini, inayobaki dukani, ile ya kaboni. Tukapekua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi.

"Mado!"

Mado akatoka nyuma, anafuta mikono.

"Huyu alikulipa mara mbili?"

"Alilipa. Si njo huyu wa kukuya mbele ya jua kutoka?"

"Na reçu yake?"

"Iko mu carnet ingine. Ile yako ulikuwa nayo mu valise yako Lubumbashi. Nikatumia ya zamani."

"Iko wapi?"

Daftari hilo lilikuwa chini ya katoni la betri. Kaboni ilikuwa imechoka, maandishi hafifu kama yameandikwa kwa maji. Tukaenda nayo mlangoni penye mwanga, vichwa vitatu juu ya karatasi moja. Jina langu. Thelathini. Tarehe. Na ukurasa uliofuata, tena jina langu.

Nilishangilia peke yangu. Papa Sylvain alikuwa anaendelea kufunua kurasa. Mlikuwa na majina mengine humo, watu wawili zaidi waliolipa, na ambao yeye alikuwa amewapeleka kwa jaji pamoja na mimi. Akakaa juu ya friji ndogo.

"Mado," akasema polepole, "kesho tunaenda kwa aba bantu. Minye na weye. Na miguu."

Basi tukahesabu vizuri. Nilibakiza miezi mitatu, dola tisini. Akauliza, "Na franga ya huissier?" Nikasema nusu ya gharama hiyo nitalipa mimi kwa sababu nilikaa kimya, na nusu alipe yeye kwa sababu amri ilidai pesa nilizokwisha kulipa. Akafyonza meno. Akasema watoto wa Panda wanajua hesabu. Nusu yangu tukakubaliana niishone: sare za shule za wajukuu wake wawili.

Tukapeana mikono. Alitaka nirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Lakini mimi ni mimi.

"Papa, tuandike."

"Tumeongea, si basi?"

"Ile karatasi ya jaji haijue kama tumecheka. Siku ziko naenda. Zimebakia tatu."

Uso wake ukabadilika. "Haunitegemee?"

Fikirini, wakuu. Mzee amenisamehe, amecheka na mimi, na mimi namdai sahihi. Nilikaribia kusema basi, tuache. Aliyeniokoa ni Mado, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye betri zake.

"Yaya, weye mwenyewe ulisahau carnet muzima."

Kesho yake, siku ya nane, tulikaa kwa yule huissier. Akaandika makubaliano: deni lililobaki ni dola tisini, nitalipa thelathini kwa mwezi, na nikiendelea kulipa Papa Sylvain hataipeleka ile amri kupewa nguvu. Sahihi mbili, nakala mbili. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na pingamizi langu, limeandikwa tayari, kama asingesaini. Sikulitoa. Ila nilikuwa nalo.

Miezi mitatu nikalipa.

Siku ya mwisho nilikwenda na mama. Papa Sylvain aliandika kwenye karatasi kwamba deni limekwisha na cherehani ni yangu, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka umepauka na alijua sitaukubali. Mama akapiga vigelegele dukani. Mteja aliyekuwa anaangalia majiko akaangusha kifuniko cha jiko. Niliipiga picha karatasi ile hapohapo, nikamtumia Trésor, nikajitumia kwenye barua pepe, na asili nikaifunga kwenye plastiki.

Nilipofika nyumbani nilikaa mbele ya cherehani bila kuiwasha. Niliiangalia tu. Chuma kilekile, ila kwa mara ya kwanza sikuwa natega sikio barabarani kama kuna anayekuja kuichukua.

Nilichojifunza, wakuu, nakiandika kama nilivyokielewa.

Risiti ni ulinzi wako, si alama ya utumwa wako. Itunze hata baada ya kumaliza, na upige picha siku uliyopewa, maana kaboni inafifia. Barua ya anayekudai ifungue siku ileile, hata ukiwa unatetemeka, kwa sababu ndani yake siku zimeshaanza kuhesabiwa na hazikungojei upate utulivu. Ukiona kiasi si sahihi, sema mapema na uombe kuona hesabu zake. Aliyekupa mkopo naye ni mtu, naye anasahau daftari chini ya betri. Mkielewana, andikeni kabla muda wa kupinga haujaisha. Na vitisho vya polisi kwa deni la kawaida, uliza kwanza karatasi ya jaji iko wapi.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Miezi yote ile nilitafuta barua kamili, na iliyoniokoa ni ile mbovu kuliko zote, yenye chai, ambayo isingefika kama ingengoja ruhusa yangu.

Sasa swali langu kwenu.

Wiki iliyopita Papa Sylvain alinipigia. Amepokea mashine za surjeteuse, zile za kufunga kingo za nguo zisifumuke nyuzi, na amesema moja ni yangu nikitaka, nilipe polepole. Nilimwambia anipe mkataba kwanza niusome nyumbani. Alinipa. Kifungu cha nne kilisema nikichelewa mwezi mmoja tu, deni lote linadaiwa kwa mara moja. Nikaurudisha. Akalalamika, akamwita Mado ashuhudie anavyonyanyaswa na mtoto, kisha akachukua kalamu, akakata "mwezi mmoja", akaandika "miezi mitatu" kwa mkono juu yake, mwandiko umepinda, akaweka sahihi pembeni na kuniomba niweke yangu.

Ninao hapa mezani. Una mkato katikati ya ukurasa, ni mbaya kuutazama, na nadhani ndio mkataba mzuri kuliko wote niliowahi kushika.

Je, nisaini? Wenye ujuzi wa sheria, wafanyabiashara mnaokopesha, na nyinyi mnaozunguka nyuma ya soko kama nilivyokuwa mimi, nawasikiliza. Msinicheke sana kuhusu mbabula. Au chekeni tu, mama yangu anasomewa comments kila jioni na anazipenda.